Sarafu ya Kirumi Iliyofutika: Jinsi ya Kuitambua Hatua kwa Hatua

Maswali ni yaleyale kila mara. Inakuja picha iliyopigwa usiku jikoni, kitu cha duara chenye rangi ya kijani kimelala kiganjani, na chini yake maneno: "Mkuu, nimeokota hii shambani, ni ya Kaisari gani na inauzwa bei gani?" Aliyeituma huenda anaishi Kent na alikuwa anachimba bustani apande sukuma wiki. Au ni kijana aliyenunua ditekta, ile mashine ya kutafutia vyuma ardhini, na ndiyo kwanza ameingia nayo shambani. Kumjibu kila mtu peke yake kunachosha, kwa hiyo nimeyaweka yote hapa.

Mwongozo huu unahusu sarafu zinazookotwa Uingereza, ambako Warumi walitawala tangu mwaka 43 hadi karibu mwaka 410. Ukiwa Ufaransa, Ubelgiji au Ujerumani, hatua za kuitambua sarafu hazibadiliki sana, ila sheria za kuchimba ni tofauti, tena nyingine ni kali. Aliyeokota pwani ya Afrika Mashariki asome kipengele chake huko chini.

Shika jambo moja kabla hatujaanza: sarafu iliyofutika haitambuliwi kwa kusoma maandishi. Inatambuliwa kwa ukubwa, uzito, metali na umbo la vivuli vilivyobaki. Maandishi huja mwisho, kama yamebaki. Anayeanza huwa anafanya kinyume: anaona herufi mbili, anakimbilia intaneti, na baada ya saa moja ameshajiaminisha kwamba ameokota sarafu ya Nero.

## Sheria kwanza

Hakuna ardhi isiyo na mwenyewe. Usiingize ditekta shambani bila ruhusa ya mwenye shamba, na bora iwe ya maandishi. Maeneo ya kale yaliyoorodheshwa na serikali hayaguswi kabisa bila kibali maalumu, hata kama mwenye shamba amekukubalia. Ireland ya Kaskazini ni kosa kuchimba ukitafuta vitu vya kale bila leseni.

Kwa England na Wales, sheria ya hazina ya mwaka 1996 haihesabu sarafu moja ya kawaida iliyookotwa peke yake kuwa hazina. Lakini ukipata mahali pamoja sarafu 2 au zaidi za dhahabu au fedha, au 10 na zaidi za shaba, na zote zina umri wa zaidi ya miaka 300, hiyo ni hazina. Una siku 14 za kutoa taarifa kwa mchunguzi wa vifo wa eneo hilo (ndiyo, huyohuyo, Waingereza wamemwachia kazi hiyo tangu zama za kati). Uskoti ni kali zaidi: hata sarafu moja ya Kirumi inaripotiwa.

Ukiona sarafu zinatoka moja baada ya nyingine kwenye shimo moja, au ukaona kipande cha chungu, acha kuchimba. Fukia, weka alama, piga simu. Hazina ya Frome, kule Somerset, ilipatikana mwaka 2010 na mtu mwenye ditekta aliyefanya hivyohivyo. Wanaakiolojia wakaja wakachimba taratibu, wakatoa chungu chenye sarafu 52,503, na kwa sababu walizitoa tabaka kwa tabaka, waliweza kujua jinsi zilivyojazwa humo.

## Vitu unavyohitaji

- Mizani midogo ya kidijitali inayosoma hadi sehemu ya kumi ya gramu. Ile ya vito inatosha na ni ya bei ndogo.
- Rula yenye milimita, au kifaa cha kupimia kipenyo kama unacho.
- Lenzi ya kukuza mara 10.
- Tochi ndogo. Ya simu inafaa, ilimradi simu unayopigia picha iwe nyingine.
- Sumaku.
- Vijiti vya meno vya mbao na mswaki laini wa mtoto.
- Maji yasiyo na madini, yale ya kutia kwenye pasi, lakini yasiyo na manukato.
- Bahasha ndogo za karatasi, kalamu, na vile vifuko vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Usivitupe tena.

## Hatua ya 1: Usiisafishe

Najua mkono unawasha. Siki, limau, soda, dawa ya meno, brashi ya waya, umeme wa betri: vyote hivyo vimeua sarafu nyingi kuliko miaka 1,700 ya kukaa kwenye udongo. Lile gamba la kijani au la kahawia unaloliona ni shaba yenyewe iliyobadilika, na mara nyingi mchoro umebaki ndani ya gamba hilo, si chini yake. Ukilibandua, pua ya Kaisari inaondoka nalo. Unabaki na kidonge kinachong'aa kisicho na kitu.

Unachoruhusiwa ni hiki: loweka sarafu kwenye maji yasiyo na madini kwa siku kadhaa, ukiyabadilisha kila siku. Udongo ukilainika, usukume kwa kijiti cha meno taratibu, chini ya lenzi. Pakigoma, paache. Kausha kwa kitambaa bila kusugua. Mafuta ya zeituni, ambayo wazee wa kazi hii waliyasifia sana, nayo yana asidi, usiyatumie.

Sarafu ya fedha usiisugue kwa vidole ikiwa na mchanga. Mchanga unaikwaruza.

## Hatua ya 2: Hakikisha kweli ni ya Kirumi

Hapa ndipo wengi wanapoangukia. Sehemu kubwa ya "sarafu za Kirumi" ninazotumiwa siyo za Kirumi.

Anza na sumaku. Peni moja na peni mbili za Uingereza, tangu mwaka 1992, ni chuma kilichopakwa shaba, na zikikaa shambani zinavimba na kuoza mpaka huzitambui. Peni mbili ina kipenyo cha karibu milimita 26, sawa kabisa na sarafu ya Kirumi iitwayo as. Ikishika kwenye sumaku, pole, mchezo umeisha.

Mdanganyifu mkubwa zaidi ni nusu peni ya wafalme George wa karne ya 18. Ni shaba, milimita 28 hivi, gramu 9 au 10, upande mmoja kichwa cha mwanamume mwenye shada la majani, upande wa pili mwanamke aliyekaa na mkuki. Ukiieleza kwa simu, mtu ataapa ni ya Kirumi. Na ana sababu: yule mwanamke ni Britannia, nembo ya Uingereza, na Waingereza walimchukua kutoka kwenye sarafu za Kirumi za makaisari Hadrianus na Antoninus Pius. Tofauti iko kwenye bamba, yaani kile kipande cha metali kilichogongwa mchoro. Nusu peni ni bapa, unene wake unalingana kutoka ukingo hadi ukingo, na duara lake limekamilika kwa sababu ilikatwa kwa mashine. Sarafu ya Kirumi iligongwa kwa nyundo. Iweke mezani uiangalie kwa ubavu: unene unatofautiana, mduara una kona kidogo, mara nyingine ukingo umepasuka, na kichwa hakiko katikati.

Nyembamba kupita kiasi, ya shaba njano, yenye waridi au msalaba juu ya tufe? Hicho ni kihesabio cha Nuremberg, kilichotumiwa na wafanyabiashara kufanya hesabu mezani. Risasi tupu yenye mistari iliyokwaruzwa ni tokeni ya shambani. Yenye kishikizo kilichovunjika nyuma ni kifungo.

## Hatua ya 3: Pima

Andika kipenyo na uzito kabla ya kutazama picha yoyote. Namba hizi peke yake zinakupunguzia karne tatu za kubahatisha.

- Milimita 30 na zaidi, gramu 20 hadi 27, nene: sestertius. Karne ya 1 hadi katikati ya karne ya 3.
- Milimita 24 hadi 29, gramu 7 hadi 13: as au dupondius, karne ya 1 na ya 2 hasa. Ikiwa pana lakini nyembamba zaidi, fikiria sarafu za shaba ziitwazo nummus, zile kubwa za mageuzi ya fedha ya Kaisari Diocletianus, zilizoanza karibu mwaka 294.
- Milimita 17 hadi 20, fedha, gramu 2.5 hadi 3.5: denarius, ile dinari ya kwenye Injili.
- Milimita 15 hadi 23, shaba, bamba lenye kona na nyufa: sarafu ya miale, yaani yenye kichwa kilichovaa taji la miale, miaka 260 hadi 296.
- Milimita 14 hadi 19, shaba, duara zuri kiasi: nummus za karne ya 4, hasa miaka 330 hadi 378.
- Chini ya milimita 13: nakala za mtaani (zisizogongwa na serikali) za karne ya 3 au ya 4, au vijisarafu vya mwisho kabisa, 388 hadi 402.

Mwenye bahati ya kawaida ataangukia kwenye kundi la nne na la tano. Mashamba ya Uingereza yamejaa hizo. Ilikuwa pesa ya matumizi madogo, mfumuko wa bei ulikuwa umeila thamani, na iliyodondoka haikutafutwa sana.

Uzito usiuamini peke yake. Shaba iliyoliwa na udongo hupungua, na sestertius iliyozunguka mikononi miaka mia inaweza kuwa laini pande zote na nyepesi kwa gramu kadhaa.

## Hatua ya 4: Mwanga wa pembeni

Ukifanya hatua moja tu ya mwongozo huu, fanya hii. Zima taa ya chumba. Weka sarafu juu ya kitambaa cheusi. Lete tochi usawa wa meza, karibu kulala, mwanga upite juu ya uso wa sarafu badala ya kuipiga kutoka juu. Sasa zungusha tochi polepole kuizunguka sarafu nzima.

Mchoro uliokuwa haupo utajitokeza kwa vivuli. Ukitokea upande mmoja utaona pua na kidevu. Ukitokea upande mwingine, pua inapotea lakini mafundo ya utepe kisogoni yanaonekana. Kwa hiyo piga picha nne kwa kila upande wa sarafu, mwanga ukitoka juu, kulia, chini na kushoto. Zigeuze ziwe nyeusi na nyeupe, ongeza ukali wa vivuli kidogo, na uzitazame kesho yake asubuhi ukiwa na macho mapya.

Usiweke penseli juu ya sarafu, wala chaki, wala unga. Na usiilowanishe ili "ing'ae kidogo kwenye picha". Maji yanaficha vivuli.

## Hatua ya 5: Kichwani amevaa nini?

Usiulize ni nani. Uliza amevaa nini.

Taji la miale, yaani miiba inayochongoka kutoka kichwani. Kwenye sarafu kubwa ya milimita 26 hivi, hiyo ni dupondius. Kwenye ndogo, ni sarafu ya miale ya karne ya 3. Hata uso ukifutika wote, ile miiba huwa inabaki mmoja au miwili juu ya paji la uso.

Shada la majani, lenye utepe unaoning'inia shingoni. Limevaliwa muda mrefu mno, tangu karne ya 1 hadi ya 4, kwa hiyo halisaidii sana bila vipimo.

Utepe wenye lulu, unaozunguka kichwa na kufungwa nyuma. Huo unaanza na Kaisari Constantinus miaka ya 320. Ukiuona, uko karne ya 4 au baadaye.

Kofia ya vita, na uso unatazama kushoto. Karibu vichwa vyote hutazama kulia, kwa hiyo anayetazama kushoto ni zawadi. Kwenye sarafu ya milimita 15 hadi 18, kofia na kushoto maana yake ni mojawapo ya mbili: VRBS ROMA, ambayo upande wa pili ina mbwa mwitu jike akinyonyesha mapacha wawili, au CONSTANTINOPOLIS, yenye mwanamke mwenye mabawa amesimama kwenye pua ya meli. Zote zilianza mwaka 330, jiji jipya la Constantinus lilipozinduliwa.

Kisha tazama kidevu. Kwa sehemu kubwa makaisari wa mwanzo walinyoa. Hadrianus, aliyetawala 117 hadi 138, ndiye aliyeanzisha mtindo wa kufuga ndevu, na ndevu zikaendelea hadi mwanzoni mwa karne ya 4. Constantinus akanyoa na wanawe wakanyoa, kisha Julianus (360 hadi 363) akazirudisha kwa muda mfupi. Kwenye sarafu za miale, ndevu zilizochongoka na pua ndefu nyembamba mara nyingi ni Tetricus wa Kwanza, aliyetawala Gaul (Ufaransa ya leo kwa sehemu kubwa) na Britannia (Uingereza ya Kirumi) miaka 271 hadi 274 akiwa amejitenga na Roma. Shingo nene mno yenye ndevu ni Carausius, kamanda wa meli za kivita aliyejitangaza mwenyewe kuwa Kaisari hapa Britannia kuanzia mwaka 286 hadi 293. Huyo akitokea, mshangilie kidogo.

## Hatua ya 6: Upande wa pili, hesabu vivuli

Upande wa pili ndio unaotoa tarehe, hasa kwa sarafu za karne ya 4, maana viwanda vyote vya dola viligonga mchoro uleule kwa miaka michache, kisha vikabadilisha kwa pamoja. Kwa hiyo huhitaji maandishi. Hesabu watu, tazama kilicho katikati yao.

*Watu wawili wamesimama, katikati kuna fito mbili:* GLORIA EXERCITVS, askari wawili na bendera mbili za kikosi, 330 hadi 335.

*Watu wawili, ufito mmoja:* askari walewale, bendera moja, 335 hadi 341. Sarafu yenyewe pia ilipunguzwa ukubwa.

*Watu wawili wanatazamana, katikati hakuna ufito, migongoni kuna mabawa:* VICTORIAE DD AVGG Q NN, katikati hadi mwishoni mwa miaka ya 340. Anayeanza huwachanganya hawa na askari. Tafuta ufito, usipokuwapo, tafuta bawa.

*Mtu mmoja anamchoma mkuki mwingine anayeanguka na farasi:* FEL TEMP REPARATIO, kuanzia mwaka 348. Maneno yanasema siku njema zimerudi, na mchoro ni mauaji. Ilinakiliwa mtaani kupita kiasi, hasa miaka ya 350, mpaka nyingine ni mikono na miguu iliyotawanyika tu.

*Mtu mmoja mwenye mabawa anatembea kushoto, ameshika shada:* SECVRITAS REIPVBLICAE, 364 hadi 378, ikiwa sarafu ni milimita 17 hivi. Ikiwa ni milimita 12, ni VICTORIA AVGGG, 388 hadi 402. Mchoro karibu uleule, ukubwa ndio unaoamua.

*Mtu anamburuta mwingine kwa nywele:* GLORIA ROMANORVM, pia 364 hadi 378.

*Jengo la matofali lenye vinara viwili juu:* lango la ngome, PROVIDENTIAE, miaka 324 hadi 330.

*Tufe juu ya madhabahu:* BEATA TRANQVILLITAS, mwanzoni mwa miaka ya 320.

Kwa sarafu za miale hali ni ngumu zaidi, kwa sababu nyingi zina mtu mmoja tu aliyesimama, mara nyingi mungu wa kike: mwenye tawi ni Pax, anayetembea huku ameinua pindo la gauni ni Spes, anayemlisha nyoka juu ya madhabahu ni Salus. Madhabahu peke yake, au tai amekunjua mabawa, ni CONSECRATIO ya kumwenzi Kaisari Claudius wa Pili baada ya kifo chake mwaka 270, nayo ilinakiliwa sana. Ukiona mnyama mzima, swala, paa, mbuzi au farasi mwenye mabawa, hiyo ni ya Kaisari Gallienus, ya mwisho wa utawala wake, 267 hadi 268.

Kwenye shaba kubwa tafuta herufi mbili kubwa S na C, kushoto na kulia kwa mtu aliyesimama. Zikionekana, uko kabla ya katikati ya karne ya 3, huna haja ya kwenda mbele zaidi.

### Mfano mmoja wa kazi

Sarafu ya kahawia, milimita 15, gramu 1.4. Vipimo vinaipeleka karne ya 4, karibu na miaka ya 330. Mwanga ukitoka kushoto, kisogoni vinatokea vikia viwili vya utepe. Kichwa kinatazama kulia, kidevu kimenyolewa. Upande wa pili, vivuli viwili virefu, na katikati kijiti kimoja chembamba kilichopanuka juu. Bendera moja: 335 hadi 341.

Wengi wangeishia hapo, na wangekuwa sahihi. Lakini kulia kwa kichwa kumebaki mkia wa maandishi: …NS P F AVG. Hapo ndipo herufi mbili zinafanya kazi. Constantinus aliwapa wanawe majina ya kuwasumbua watu hadi leo: Constantinus, Constantius, Constans. Wawili wa kwanza wanaishia na VS. Anayeishia na NS ni Constans peke yake, na cheo cha AVG, yaani Augustus, Kaisari mkuu, alikipata Septemba 337. Kwa hiyo sarafu ni ya 337 hadi 341. Chini ya mstari wanaosimamia askari kuna TRP: T na R ni Trier, mji ulioko leo Ujerumani, na P ni karakana ya kwanza ya hapo.

Angalia mpangilio: herufi zilikuja baada ya umbo kuwa tayari limefunga milango mingine. Zingekuja kwanza, NS zisingekuambia kitu.

## Hatua ya 7: Sasa soma kilichobaki

Maandishi huanza chini kushoto na kuzunguka kufuata mshale wa saa. V ni U. Maneno hayaachiwi nafasi. Usijaribu kusoma jina. Tafuta vifupisho vya mwanzo na vya mwisho, kwa maana ndivyo vinavyotaja zama.

TR P na COS, ambavyo ni vyeo (usichanganye na TRP ya Trier), ni vya karne tatu za mwanzo. IMP C mwanzoni mara nyingi ni karne ya 3. P F AVG mwishoni ni kuanzia karne ya 3 kwenda mbele. D N mwanzoni, yaani "Bwana wetu", ni karne ya 4 na kuendelea. NOB C au NOB CAES ni mrithi, bado hajawa mkuu.

Chini ya mstari wa upande wa pili, tafuta kiwanda: TR ni Trier, LG ni Lyon, CON au CONST ni Arles, PLN au PLON ni London, iliyofungwa karibu mwaka 325. AQ ni Aquileia, SIS ni Siscia, R mara nyingi ni Roma.

Onyo: jicho linapenda kukamilisha. Andika herufi unazoziona tu, na weka nukta pale usipoona. Mwonyeshe mtu mwingine bila kumwambia ulichosoma.

## Hatua ya 8: Linganisha na uandike

Ingia kwenye OCRE, hifadhi ya mtandaoni ya sarafu za Kirumi ya jumuiya ya sarafu ya Marekani, ni bure, uchuje kwa aina, kiwanda na mchoro. Kwa sarafu zilizookotwa Uingereza hasa, nenda kwenye kumbukumbu za Portable Antiquities Scheme, mpango wa kuandikisha vitu vya kale vinavyookotwa. Huko utaona zilizochakaa kama yako, na hilo ndilo linalosaidia. Picha za minada zinaonyesha zilizo safi tu na zinakukatisha tamaa. Programu za simu zinazodai kutambua sarafu kwa picha moja ziache. Hazipimi uzito wala kipenyo, na zikikosea zinakosea kwa kujiamini.

Mpango huohuo una maofisa kwenye kaunti. Wapelekee sarafu waiandikishe, pamoja na mahali hasa ulipoiokota. Sarafu mbovu yenye mahali panapojulikana ina maana kwa historia kuliko nzuri isiyojulikana ilikotoka, kwa hiyo rekodi eneo kwa simu kabla hujafukia shimo.

Kuhusu bei: shaba ya karne ya 4 iliyofutika hununuliwa kwa pauni chache, mara nyingine kwa kapu. Usiache kazi.

## Ikigoma

Pande zote ni laini kabisa. Ikiwa kubwa na nzito, andika "sestertius, isiyotambulika, karne ya 1 hadi ya 3". Ikiwa ndogo, andika kipenyo na uzito. Hilo ni jibu kamili, wataalamu huliandika kila siku.

Herufi zinaonekana lakini hazisomeki, ni vijiti na duara. Huenda ni nakala ya mtaani, iliyogongwa na asiyejua kusoma wakati pesa halisi ilipoadimika. Zilitengenezwa nyingi sana karibu miaka 275 hadi 285. Usilazimishe jina.

Rangi ya fedha imetoka na ndani kuna shaba. Inaweza kuwa denarius bandia ya zama zilezile, shaba iliyofunikwa fedha. Au sarafu ya miale, ambayo miaka ya 260 ilibakiwa na fedha kidogo mno na kupakwa juujuu tu.

Kuna unga wa kijani mpauko unaorudi kila ukiupangusa. Huo ni ugonjwa wa shaba, unaletwa na chumvi na unyevu, na unaitafuna sarafu. Itenge na nyingine, ikaushe, ifunge kwenye kopo lisilopitisha hewa pamoja na vile vifuko, na umwone mtaalamu wa kuhifadhi.

Imepinda. Usiinyooshe. Shaba ya kale inavunjika.

Niliiokota Kilwa, Mafia, Unguja au Lamu. Basi karibu hakika siyo ya Kirumi. Isiyo na uso wa mtu, ya shaba, ndogo, yenye maandishi ya Kiarabu pande zote mbili, huenda ni ya masultani wa Kilwa, kwa mfano Ali bin al-Hasan. Yenye mizani huenda ni pesa ya Sultani Barghash, kwa mfano ya mwaka 1299 wa Hijria, sawa na 1882. Yenye taji na maneno DEUTSCH OSTAFRIKA ni ya Wajerumani. Usiendelee kuchimba; wasiliana na Idara ya Mambo ya Kale ya Tanzania au Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Za Kilwa hasa zina thamani kubwa kwa historia yetu.

Bado sijui. Niandikie, lakini tuma hivi: kipenyo, uzito, jibu la sumaku, picha nne za kila upande zenye mwanga wa pembeni, picha moja ya ubavu, na kaunti ulikoiokota. Mahali hasa usiniambie mimi wala mtu mwingine mtandaoni, maana wapo wanaoingia mashamba ya watu usiku. Mwambie ofisa wa kaunti na mwenye shamba.